Herufi Ndogo

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku, nikiwa bado kwenye maabara ya chuo. Hakunisalimia. "Dada, wamekataa," alisema. Jioni ile wazee walikuwa wamekaa nyumbani kwetu, kijijini Tarime, wakaamua kwamba hatamwoa yule binti wa Mugumu. Sababu hawakutoa. Haikuwa suala la ng'ombe, maana ng'ombe walikuwepo. Haikuwa tabia ya binti, maana Bibi mwenyewe alishamsifu mara mbili. Alipomuuliza Bibi kwa nini, alijibiwa, "Mura, huyo mwache," kisha Bibi akaendelea kuchambua mboga.

"Wewe unajua chochote?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana.

Kwenye kompyuta mbele yangu kulikuwa na orodha ndefu ya majina. Nilikuwa natafuta kwa nini baadhi ya majina yaliyopaswa kubaki ndani ya faili moja yalikuwa yanaonekana kutoka faili jingine. Ndiyo kazi ninayoifanyia tasnifu ya uzamili. Na mtu aliyewafanya wazee wakatae alikuwa mimi.

*

Nimekulia katika nyumba ntobhu. Kwa Mkurya hilo linatosha, lakini najua wengi mtakaosoma hapa si Wakurya, kwa hiyo nitaeleza.

Kwetu Tarime na Serengeti, na ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zetu wa Kenya, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, au hakujaliwa mtoto kabisa, anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa ng'ombe wa mahari kama mwanamume yeyote. Si ndoa ya mapenzi ya kimwili. Ni ndoa ya nyumba. Mke kijana anazaa na mwanamume, na watoto wanaopatikana ni wa nyumba ile. Wanabeba jina la mume wa yule mwanamke aliyetoa ng'ombe, hata kama mume huyo alishakufa. Mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao, na jina lake halitajwi.

Bibi alibaki mjane mwenye mabinti wanne, wote wakiwa wameshaolewa. Bila mtoto wa kiume, aliona shamba na boma vikielekea mikononi mwa shemeji zake. Akauza alichouza, akanunua ng'ombe, akamwoa Mama. Tukazaliwa watatu. Jina langu la pili ni la mume wa Bibi, mtu aliyefariki miaka tisa kabla sijazaliwa. Nimeliandika kwenye kila fomu iliyouliza jina la baba, toka darasa la kwanza hadi maombi ya mkopo wa chuo, na sijawahi kuhisi kwamba nadanganya.

Sitaki kuipamba nyumba ntobhu. Wapo mabinti walioingizwa humo wakiwa wadogo kwa sababu baba zao walitaka ng'ombe. Mama mwenyewe hakuulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mbele ya sheria hiyo Bibi na Mama si lolote. Lakini mimi sikukulia ndani ya kifungu. Nilikulia ndani ya nyumba yenye wanawake wawili waliolima shamba moja, wakagombana kuhusu chumvi, wakanisomesha.

*

Programu kubwa ya kompyuta haiandikwi katika faili moja. Inagawanywa katika moduli nyingi, na kila moja ina mambo yake ya ndani. Mwaka 1972 David Parnas aliandika makala ambayo mpaka leo tunasomeshwa mwaka wa kwanza. Hoja yake, kwa maneno yangu: kila moduli ifiche uamuzi fulani, hasa ule unaoweza kubadilika, ili wengine wasiutegemee. Nje itoe jina moja la kuitwa. Anayeita apate anachohitaji bila kujua kimetengenezwaje.

Katika lugha ya C ukitaka kitu kibaki ndani ya faili lako unakiandika `static`. Faili mbili zinaweza kuwa na vitu viwili vya ndani vyenye jina lilelile na visigongane, kama vile boma letu na boma la jirani yalivyo na Chacha kila moja. Kompaila inatafsiri kila faili peke yake, kisha kiunganishi kinakuja kuzifunga pamoja kikitumia jedwali la alama, yaani orodha ya majina na mahali kila jina lilipo.

Kuna amri fupi, `nm`, inayokuonyesha jedwali hilo. Siku ya kwanza nilipoitumia nilishangaa. Nilidhani jina la siri halimo. Limo. Kitendakazi kinachoruhusiwa kuitwa kutoka nje kinawekewa herufi kubwa, T. Cha ndani kinawekewa herufi ndogo, t. Kwa kawaida kompaila haikifuti. Inakiandika kwa jina lake lote, na alama inayosema: hiki si cha watu wa nje.

Niliiangalia ile t nikamfikiria mtu mmoja anayeishi upande wa Mugumu, mwenye mke na watoto saba.

*

Nilimjua miaka sita iliyopita, msibani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Mwanamke nisiyemfahamu alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama sana, akasema, "Hili paji ni la kwao kabisa." Wanawake waliokuwa karibu wakamwangalia, naye akaniachia akaenda kuchota maji. Usiku nikamuuliza Mama. Mama hakuweza kunidanganya. Akaniambia jina, akaniambia kwamba sote watatu tuna huyohuyo, kisha akaniambia nisimwambie mtu. Nikakubali. Nilijisikia mkubwa.

Kumbe sikuwa nimeambiwa siri. Niliongezwa tu kwenye orodha ya wanaoijua. Wanawake wale msibani walijua. Wazee walijua. Aliyeshika mifugo siku ya mahari alijua. Jina lililofichwa lilikuwa linajulikana kila mahali isipokuwa kwa wale watatu lililowahusu.

Mwezi wa nane mwaka jana mdogo wangu alinitajia jina la baba wa mchumba wake. Nikanyamaza. Nilijiambia majina ya kwetu yanajirudia. Ukisimama sokoni Tarime ukaita Mwita, watageuka kumi. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya binti. Paji lilikuwa lilelile.

Nikampigia Mama. Nilimwambia, "Ongeeni na wazee." Mdogo wangu sikumpigia. Mtu mwenye haki ya kwanza ya kujua nilimruka, nikapeleka habari kwa wale waliokuwa wanaijua tayari.

*

Kwa muda nilijitetea kwa hoja ya Parnas. Jina la ndani linafichwa kwa sababu nzuri. Likitoka, watu wataanza kulitegemea, na wakilitegemea huwezi tena kupanga mambo ya nyumba yako. Kwetu hilo si nadharia. Mwanamume akitajwa hadharani kuwa ndiye baba, kesho anaweza kuja kudai mahari ya binti aliyemzaa, au watoto wake wa ndoa waanze kuuliza kwa nini wenzao wanarithi kwingine. Siri ile ndiyo ukuta wa boma. Iliwekwa kunilinda mimi: ili hapa nilipo niwe wa hapa, si mtoto wa kupita njia.

Naiamini hoja hiyo hata sasa. Kosa langu lilikuwa mahali nilipochora mpaka.

Kila lugha inachora mpaka wake pake. Katika C mpaka ni faili. Katika Python jina la ndani la klasi linaongezewa jina la nyumba mbele yake: ukiandika `__baba` ndani ya klasi iitwayo Nyumba, linageuzwa kuwa `_Nyumba__baba`. Halijafungwa. Anayeijua nyumba anaweza kuliandika lote na akalifikia. Kinachomzuia ni heshima tu. Na katika C++ kuna kanuni inayowachanganya wengi wanaoanza. Kitu kilichoandikwa `private` hakifichwi kati ya vitu viwili vya klasi moja. Wa klasi moja wanaweza kuonana mambo ya ndani. Siri ni ya klasi nzima, na anayefichwa ni yule asiye wa klasi hiyo.

Mdogo wangu ni wa nyumba ileile. Alizaliwa chumba nilichozaliwa. Tulimweka nje ya ukuta uliojengwa kwa ajili yake.

Kuna kipande kimoja cha tasnifu yangu ambacho ndicho kilinifanya nikose usingizi. Kompaila ya GCC ina namna ya kuiangalia programu nzima kwa pamoja mwishoni, badala ya faili moja moja. Programu ikiwa kubwa inaigawa upya katika mafungu, na ugawaji huo hauheshimu faili za mwanzo. Basi inatokea kwamba kitu cha siri kimebaki fungu hili, na anayekihitaji yuko fungu lile. Kikiachwa siri kabisa, kazi inakwama. Kikitangazwa kwa dunia, kinaweza kugongana na jina la mwingine. Inachofanya kompaila ni hiki: inakiruhusu kionekane kati ya mafungu, inakifunga kisionekane nje ya programu, na pale panapohitajika inakiongezea mkia kwenye jina, `.lto_priv.0`, kisigongane na jina kama lake. Programu ikishaunganishwa, ukiitazama tena kwa `nm`, kimerudi kwenye herufi ndogo. Dunia haikukijua. Wa ndani waliokihitaji walikipata.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimejiuliza swali baya. Nilikuwa najiuliza kama siri itolewe au isitolewe. Swali lilikuwa nani anaihitaji ili maisha yake yasiharibike. Boma letu na boma la Mugumu yalikuwa mafungu mawili yaliyogawanywa bila kujali damu, na kijana mmoja alikuwa anatoka la huku kwenda la kule akiwa hajui.

Lakini sitaki kudanganya kwamba mfano huu unafika mwisho. Kitendakazi hakiumii kikifichwa. Hakiulizi nani alijua kabla yake. Na kompaila haina sababu ya kuogopa kuchekwa.

*

Nilisafiri kwenda nyumbani mwezi wa 12. Kutoka Dodoma ni safari ya kuchosha, na kwa miaka mingi nikishavuka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara huwa napumua, najua nimefika. Safari hii nilivuka nikatamani basi liharibike.

Nilianza na Bibi, kwa sababu siri ni yake kabla ya kuwa yangu. Nilimkuta ameketi nje juani. Nikamwambia nataka kumwambia mdogo wangu.

"Ameshaacha," alisema. "Kuna haja gani?"

"Atampenda mwingine, Bibi. Yule mzee ana mabinti wangapi?"

Hakujibu.

"Na ninyi mkiondoka?" nikasema. "Wewe, na mzee wa pale, na Mama. Nani atawazuia watoto wetu?"

Kuna amri nyingine, `strip`, inayofuta jedwali la alama kwenye programu iliyokamilika. Programu inaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu ndani yake kila kitu kimeshaunganishwa na mahali pake. Majina yalikuwa ya kumsaidia msomaji tu. Mzee akifa kwetu, ndicho kinachotokea. Damu inabaki imeunganishwa vilevile. Orodha ndiyo inayokwenda kaburini. Sikumwambia Bibi hivyo, lakini ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo bado nalibeba. "Mimi nilinunua jina kwa ng'ombe. Nikampa. Ukimpa na lile lingine, langu litakuwa la pili."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na kifungu cha sheria mfukoni: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa na jamaa zake. Kwa sheria hiyo mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mdogo wangu ana miaka 24. Haki ile ilimpita akiwa hajui kwamba anayo. Lakini ungemsomea nini mwanamke wa miaka zaidi ya 80, ambaye anachokiogopa si sheria bali kufutwa? Alikuwa anaona wazi kuliko mimi. Sheria inataja haki ya jina na haki ya kuwajua waliokuzaa katika pumzi moja, kama vile haviwezi kugombana. Katika nyumba yetu vilikuwa vinagombana.

Nilimwambia tu, "Langu halijawa la pili, Bibi. Nimejua miaka sita."

Akanitazama. Hakuwa anajua kwamba najua. Akasema, "Basi mwambie mwenyewe. Mimi sitakuwepo." Akaingia ndani.

*

Nilimwambia tukiwa njiani kutoka kisimani, kwa sababu tukitembea hatukulazimika kutazamana. Nilimtajia jina mara moja. Alisimama, akaweka dumu chini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kuhusu yule mzee: yukoje, anatujua, aliwahi kutuulizia. Hakuuliza hata moja. Aliuliza, "Wangapi wanajua?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mama. Bibi. Mzee wa pale. Wazee wawili wa kikao. Mwanamke wa msibani. Wale waliokuwa karibu naye. Nilipofika kwangu, nikasita.

"Na wewe," akasema.

"Na mimi."

"Toka lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kuhusu mwezi wa nane, na simu niliyompigia Mama, na ile hapana niliyomjibu usiku ule. Kama ningeficha hilo ningekuwa nimemfungulia mlango mmoja na kumfungia mwingine. Alichukua dumu akatangulia. Siku mbili hakusema nami.

Siku ya tatu alikwenda Mugumu kumwambia binti. Hilo sikuwa nimelifikiria vya kutosha. Jina lile halikuwa la boma letu peke yake. Kule lilikuwa jina la baba, mtu anayeheshimika, na mkewe hakuwa kwenye orodha yangu ya vidole. Nilikuwa nimepima nani wa kwetu analihitaji, bila kupima litaangukia nani kule. Alirudi usiku. Alisema binti alilia kidogo, kisha akasema afadhali amejua, kisha akamwomba asimwambie mtu mama yake. Kwa hiyo sasa kuna siri nyingine, na wanaoibeba ni vijana wawili waliotaka kuoana. Sijui kama nimepunguza mzigo au nimeuhamisha. Najua tu kwamba sasa uko mikononi mwa wenyewe.

Kabla sijaondoka Bibi aliniita chumbani kwake. Alinitajia jina la baba wa Mama, na la mama wa yule mzee wa Mugumu, na ukoo wao, na wapi walitoka kabla ya kuhamia Serengeti. Alinitajia polepole, mara mbili, akanitaka nirudie. Nilipotoa simu niandike, akaishika mkono. "Kichwani," alisema. Nikaweka simu mfukoni. Majina yale sikuyaandika popote, na hapa siyaandiki.

Mdogo wangu amebaki na jina lake. Mwezi wa pili alinitumia picha ya fomu ya kazi aliyoijaza, na kwenye mstari wa jina la baba ameandika jina la mume wa Bibi, kwa herufi kubwa kama fomu ilivyotaka. Nilimtumia Mama picha ile akamwonyeshe Bibi. Sijaambiwa Bibi alisema nini.

Wiki iliyopita alinipigia, tena usiku, tena nikiwa maabara. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu mdogo wetu wa mwisho anayeingia kidato cha pili. Nilidhani tumeanza kurudi tulipokuwa. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu: "Dada, kama asingekuwa yule binti, mngeniambia lini?"

Nilitafuta tarehe ya kumpa. Sikuwa nayo.

"Na mdogo wetu?" akasema. "Yeye tunamwambia lini?"